Meno Yako Mapya, Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti likiwa limepunguza makelele, na Mama naye hajambo. Mimi ni mzima, ila moyo umekuwa mzito tangu Dada aliponiambia kwamba meno mapya yamekukaa vizuri, unatafuna karanga mbele za watu, na majirani wanasema umerudia ujana. Nilifurahi, kisha nikakosa raha. Tafadhali soma polepole, tena ukiwa umeketi.

Nilipoondoka na meno yako ya zamani nilisema nayapeleka karakanani kwetu yakasafishwe. Nilikudanganya. Asubuhi ile nilikuta kikombe dirishani, nikadhani ni maji yaliyolala, nikayamwaga nje. Meno yakatua kwenye saruji. Ya nyuma yalipona, lakini ya mbele yalisambaratika na vipande vingine sikuviona tena.

Unajua kazi yetu ni meno ya bandia, ila siku hizi hatuchongi, tunachapa. Kompyuta inaligawa umbo la jino katika matabaka membamba kama karatasi, kisha mashine inajenga tabaka juu ya tabaka mpaka jino linasimama. Kwa hiyo nilihitaji umbo la meno ya mbele. Nililipata, na nililipata wapi nitakwambia huko mbele, usinikimbize.

Mashine ya kwanza inayeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza, kama mtu anayepamba keki. Bosi wangu, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliniambia nijaribu na hiyo kwanza kwa kuwa haina gharama. Nikaharakisha, nikasahau kuangalia vipimo. Kesho yake tulikuta seti ya meno ya kumtosha farasi. Dada wa mapokezi ameyachukua, anabania karatasi zake zisipeperuke, na wagonjwa wengine wakiyaona wanakumbuka wana safari.

Nikarekebisha vipimo, lakini meno ya uzi hutoka na ngazi ngazi, yangekukwaruza ulimi. Mashine ya pili inatandaza unga wa chuma na kuuchoma kwa leza, tabaka kwa tabaka, mpaka unashikana. Nilipouliza kama naweza kukuchapia meno ya chuma yasiyovunjika, bosi aliuliza kama baba yangu anakula misumari.

Iliyofaa ni ya tatu. Hiyo ina beseni la utomvu mzito unaoganda ukimulikwa. Mwanga unapiga, tabaka linaganda, sahani inainuka kidogo, mwanga unapiga tena, na meno yanatoka kwenye majimaji yakining'inia kichwa chini. Ukishayaosha kwa spiriti na kuyakomaza kwenye taa yake, yanakuwa magumu, wala hayakwaruzi. Ndiyo hayo uliyonayo.

Sasa nije kwenye umbo. Mashine hizi, Baba, hazibuni kitu, zinachapa kile zilichopewa. Bosi alisema nitafute ndugu yako wa damu mwenye taya kama lako na meno yake yote, tumpige picha mdomoni. Shangazi ana mapengo. Mimi nimefuata taya la Mama. Alibaki mtu mmoja tu.

Hayo ni meno ya Baba Mdogo.

Najua mmenuniana miaka sita kwa ajili ya redio ya Babu, na uliapa hutapokea kwake hata maji ya kunywa. Nilimwendea nikamweleza yote. Aliuliza tu kama bado unapenda karanga. Siku ya kupigwa picha alikuja amevaa tai, akapanua mdomo karibu saa nzima huku nikizungusha kamera ndani, mate yakiishia kwenye hiyo tai. Aliniomba nisikwambie mpaka uwe umeyazoea. Kisha alilia kidogo, akasingizia harufu ya spiriti.

Habari za karanga zimemfikia. Anasema Jumamosi anakuja kwako, na redio ameshaifunga kwenye taulo. Sikuweza kumzuia, na kusema kweli sikutaka. Kumfukuza ni haki yako, ila itabidi umfukuze kwa meno yake mwenyewe.

Nisamehe, Baba. Nisalimie Mama, Dada na watoto wake, na kikombe kisikae tena dirishani. Baba Mdogo naye anakusalimu. Kwa miaka sita hakuwahi kunipa salamu nikuletee.

Mwanao anayekupenda na kukuogopa,
Kitindamimba