Majaketi Chini ya Kufuli

Kalemela,
9 Septemba 1994

Kwa kaka yangu Mboje,

Mwangaluka, kaka. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Ngulyati, wewe, wifi Veronica na watoto. Mayu, mama yetu, anaendeleaje na goti lake? Mwambie dawa aliyoniagiza nimeipata, nitampa mtu wa kwanza atakayekuja Bariadi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanijibu.

Barua yako nimeipokea. Unasema Ngeleja amekulalamikia kwamba naongea ovyo juu ya ajali ya boti yake, na kwamba nikumbuke ni wewe uliyeniombea kazi. Nakumbuka. Lakini aliyekupa habari alikupa nusu.

Unajua tangu Ushirika wa pamba ulegee kila mwenye nguvu ameingia kwenye biashara. Ngeleja aliacha pamba, akanunua boti ya mbao yenye injini ya kuvusha watu kwenda Ukerewe. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya abiria na kutunza vifaa vya usalama. Alinunua majaketi ya kuokolea thelathini, mapya, ya rangi ya chungwa, kisha akanifundisha kuyatunza. Kila moja likunjwe, liingizwe kwenye nailoni yake, yafungwe kumi kumi kwa kamba ya katani, yapangwe kabatini nyuma ya boti, halafu kufuli. Abiria asiguse. Alisema watu watayakalia yanuke dagaa, na mkaguzi atamnyima kibali. Karani aliyenitangulia, Marcelo, alimvalisha mama mjamzito jaketi moja siku ya upepo, akafukuzwa jioni hiyohiyo.

Mkaguzi alikuja mwezi wa sita. Alifungua kabati akasema hajaona boti yenye mpangilio mzuri kama huu. Hakuuliza jaketi moja linachukua muda gani kulitoa. Nami nilifurahi kusifiwa, sikufichi.

Jumanne ile tuliondoka asubuhi na watu arobaini na mmoja. Niliwaandika mwenyewe. Watu arobaini na mmoja, majaketi thelathini, na bado Ngeleja akaongeza magunia ya mchele, yeye akabaki nchi kavu. Tulipofika katikati upepo ukageuka, mawimbi yakaanza kumwaga maji ndani. Malimi, mchuuzi wa mitumba wa hapa Kalemela, alikuwa amekaa karibu na kabati. Akaniambia taratibu, "Dada, wape watu majaketi." Nikamjibu tungoje, nahodha hajasema. Akaniomba tena. Mara ya tatu maji yalikuwa magotini, na watoto wanalia. Kabla sijamjibu boti ikalala ubavu, magunia yakaporomoka, Malimi na wanawake wawili wakaangukia ziwani.

Boti ilipoinuka tena, wanaume walivunja kufuli kwa shoka, wakakutana na kamba. Wakakata kamba, wakakutana na nailoni. Wanawake wale walishika dumu la mafuta wakavutwa. Malimi hakuwa na cha kushika. Tulimpata siku ya pili.

Sasa sikia kilichofuata. Kwenye mkutano wa kijiji Ngeleja alileta mafungu mawili ya majaketi ambayo hayakufunguliwa, makavu, yamekunjwa vizuri, akayaweka mezani. Akauliza nani anathubutu kusema hakuwa na vifaa. Akasema kabati halijawahi kuwa na kufuli, ila abiria walitaharuki, na Malimi aliponzwa na kusimama ovyo. Akamsema marehemu hivyo mbele ya mjane wake, Minza, na hakuna mzee aliyemkatiza. Abiria walioliona kufuli waliinamisha vichwa, maana boti ni ya Ngeleja na wote wanataka kuvuka tena. Kesho yake akaniletea karatasi imeshachapwa, nitie saini kwamba kabati lilikuwa wazi. Hiyo ndiyo heshima unayoniambia nisimvunjie, kaka?

Lakini lipo jambo ambalo sijakuambia. Karatasi ile ingeniokoa na mimi. Ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwangu. Watu wanadhani Ngeleja alibaki nao ufukweni, nami niliwaacha wadhani hivyo. Malimi aliponiomba mara ya kwanza ningeweza kufungua, muda ulikuwepo. Niliogopa kufukuzwa kama Marcelo. Ngeleja aliweka kufuli, ila mkono ambao haukulifungua ni wangu.

Saini sikutia. Jana nilikwenda kwa Minza nikamweleza yote. Akaniuliza mumewe aliniomba mara ngapi. Nikamwambia mara tatu. Hakunifukuza wala hakunisamehe. Aliniambia nikaseme hivyohivyo polisi, mara tatu, nisipunguze.

Jumatatu nitakwenda kuandikisha maelezo. Najua Ngeleja atanitupia lawama yote, na huenda nikashikiliwa. Usije kuniombea msamaha kwake. Ukija, njoo ukae nami.

Msalimie mayu, lakini habari hii usimsomee, nitamweleza mwenyewe. Wape wifi na watoto salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako,
Mektilda