Kimya cha Haruo Si Chake

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Haruo, umepotea. Miaka kumi na minane hujakanyaga hapa kwetu Kamembe. Najua daftari hili hutalisoma, lakini nakugombeza hivyo hivyo.
Nilikuwa nakanda unga wa mandazi, redio ikataja jina lako. Mpiga tarumbeta wa jazi kutoka Japani, anajaza kumbi hadi Ulaya. Unga nikauacha. Nikaiambia redio: huyo ni mtu wetu. Alikuja kufundisha kilimo cha mpunga Bugarama, akapanga chumba chetu cha uani.

Jumanne, tarehe 7 Mei
Hasira haijaisha. Mtangazaji alisifu kile kimya unachoweka katikati ya wimbo. Ati utulivu wa Kijapani, ati urithi wa mababu. Utulivu gani? Kimya kile ni cha mume wangu, Ramazani. Alikuwa akimsindikiza bibi harusi kwa tarumbeta. Akifika kizingitini anakata, wanawake wapige vigelegele, ndipo anaendelea. Alikufundisha uani kwangu. Harusi ya kwanza uliyopiga, ulipitiliza bila kukata, ukafunika vigelegele vya mama wa bibi harusi. Ramazani akakunyang'anya tarumbeta mbele za watu. Ulilia. Nikakupa wali.

Ijumaa, tarehe 10 Mei
Mjukuu wangu Zuhura amekutafuta kwenye simu. Mahojiano matatu, akinitafsiria. Umetaja mwalimu wa Tokyo. Umetaja wa Amerika. Ramazani, hakuna. Mtu yuko kaburini miaka sita na jina lake umelifungia kabatini.
Nimekurekodia yote kwenye simu ya Zuhura, akutumie. Zuhura alitaka nipunguze ukali. Nimekataa.

Jumapili, tarehe 12 Mei
Umejibu kwa sauti. Kiswahili chako kimeota kutu.
"Maman, batu ba huku banapiga makofi mwisho tu. Nafasi yenu ya vigelegele naiachaka wazi. Jina nilionaga haya kulisema. Niliondoka bila kumuaga Mzee."
Kuona haya si sababu. Nimelia, mjinga wewe. Nimekujibu neno moja: litaje.

Jumamosi, tarehe 18 Mei
Adhuhuri kwetu, usiku kwenu. Onyesho lako la Tokyo, Zuhura kanishikia simu. Kabla ya wimbo umesema Ramazani wa Kamembe. Polepole, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.
Kisha ukapiga. Ukafika kizingitini, ukakata. Ukumbi mzima kimya. Nikapiga vigelegele hapa jikoni, jirani akachungulia.
Chumba cha uani nimekifagia.
Ukija usibishe hodi. Anza kupiga toka barabarani, ukifika mlangoni kata. Na usiwe na haraka ya kuendelea, pumzi yangu si ya zamani.