Umi alisema mara moja

Wivine, uko? Mdogo wangu Umi amerudi na damu kwenye kitenge. Si yake. Ni ya Jafari, bwana yake.

Si unajua walibeba mifuko na hema, walale usiku mmoja tu kwenye lile bonde tulivu la kupita Keshero?

Jafari akataka kupiga hema chini kabisa bondeni. Umi akaona kunguru wawili wamekufa kwenye majani. Mazuku! Ile hewa ya volkeno inayoua mutu amelala. Wakapanda haraka.

Juu wakakuta waasi watatu. Wakampiga Jafari kwa kitako cha bunduki mpaka meno yakaanguka. Wakanyang'anya hema.

"Nyinyi mulale hapa na baridi. Sisi tunashuka kwenye majani laini."

Umi akasema, kwa ile sauti yake ndogo unayoijua, "Afande, kule kuna mazuku."

Mkubwa wao akageuka. "Unasema nini, wee?"

Umi akatazama meno ya Jafari juu ya mawe.

"Hakuna kitu, afande."

Hakuna kitu! Wivine, asubuhi hawakuamka. Wote watatu.

Sasa amenishika mkono mimi dada yake mkubwa, hauachii. "Yaya, nilisema. Si nilisema?"