Uji wa Moto Kwenye Plastiki

Akoth, bado sijatulia.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni katuambia chakula cha moto kikikaa kwenye plastiki, kemikali zinaingia chakulani. Nikakimbia kwa Mama Maimunah anayenilelea mtoto, nikamkuta kafunika matoke jikoni kwa kaveera, mfuko wa plastiki, badala ya majani ya ndizi.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni sumu."

Hata hakugeuka. "Nelima mwanangu, na lile kopo la siagi unamoniletea uji wa mtoto kila asubuhi, ni la udongo? Uji wenyewe unaunguza vidole."

Plastiki kila asubuhi, Akoth. Miezi saba. Kwa mikono yangu.

Nikamwamsha mtoto, nikamchungulia ulimi kama mwendawazimu. Mama Maimunah akacheka, akaenda kuomba majani kwa jirani.

Kesho uji unakwenda ndani ya sufuria, wacha bodaboda wanicheke. Lakini hiyo miezi saba, nitamwambia daktari nini?