Tulimnywesha Lutuku ya Kumkaribisha, Sasa Haoni Vizuri

Mama Julienne mpendwa, naomba msaada, na naomba usinitafute jina, maana hata haya naandika nimejifunika blanketi ili wenzangu wasione ninamwandikia nani.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Lubumbashi, nakaa kwenye home, yaani bweni la wanafunzi, na katika chumba chetu mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyetia sahihi karatasi inayosema pombe ikikutwa ndani chumba kizima kinafukuzwa, na mama, sheria ile haina mchezo, mwaka jana majirani zetu walitolewa na magodoro yao kwa sababu ya chupa mbili za bia. Sasa mwezi huu nilimpokea Chisanga, kijana wa Kilwa, ile ya ziwa Mweru, bleu, ndivyo tunavyowaita wanafunzi wapya, hana kitanda kilichoandikwa jina lake, analala kwa kujificha kwenye godoro langu, miguu yake kichwani pangu, na ni desturi ya chumba chetu kwamba bleu haitwi ndugu mpaka amalize kikombe mbele ya wakubwa. Zamani ilikuwa bia, lakini bia ina chupa na mlinzi wa getini anapekua mifuko, ndipo tukaanza kuingiza lutuku, ile pombe kali ya kupika, ndani ya chupa ya maji, maana rangi ni ile ile, nani atajua.

Jumamosi mchana tulimkalisha. Akasema kwao hawanywi, baba yake anahubiri, akaniambia, "Yaya," yaani kaka mkubwa, "mi sijakunywa hata siku moja," na mimi nikacheka nikamjibu, "Basi leo njo siku. Kunywa, ao utafute fasi ingine ya kulala." Akanywa vikombe viwili, watu wakapiga makofi, mimi nikanywa nusu kikombe. Jumapili akatapika, tukasema ni kawaida ya anayeanza, lakini jioni akaniuliza, "Yaya, banachoma nini? Chumba iko na moshi." Hakukuwa na moshi, mama. Leo Jumatatu ameshindwa kusoma jina kwenye simu yake mwenyewe, anapumua haraka haraka kama mtu aliyepanda ngazi mbio, mama yake akapiga, nikapokea mimi, akauliza, "Mutoto iko muzuri?" nikamjibu, "Iko mu masomo, mama," kisha nikaizima. Wenzangu Lucien na Bénit wanasema tumpe maziwa na tufunge mlango mpaka apone, maana hospitali watauliza amekunywa wapi, na mimi imebaki miezi minne tu nimalize. Naogopa, kichwa kinanigonga tangu asubuhi na mwanga wa simu unanichoma macho, najua ni hofu na kukosa usingizi. Nifanye nini apone bila home kujua?

Mimi, mkubwa wa chumba

MAMA JULIENNE ANAJIBU

Kijana wangu, barua zangu huwa zinatoka Alhamisi. Yako imefika leo Jumatatu saa sita mchana, na nimewaomba wenye gazeti waiweke kwenye mtandao saa hii hii. Nimekupigia mara tisa kwa namba uliyoandikia. Hushiki.

Nakuhurumia kwa hofu yako, lakini swali lako ni baya. Kupona bila home kujua hakuko. Nimemuuliza daktari, na hakuniacha nimalize maneno: lutuku iliyopikwa vibaya inaweza kuwa sumu, siku ya kwanza mnadhani ni ulevi, siku ya pili inakula macho, halafu pumzi. Moshi anaouona Chisanga uko machoni mwake. Kila saa mnayomfungia ndani mnamwibia macho, na labda mnamwibia uhai.

Na wewe, bwana mkubwa! Kichwa kinakugonga, mwanga unakuchoma, unaniambia ni hofu? Si ulikunywa chupa ile ile? Wewe pia ni mgonjwa. Lucien na Bénit, kama walionja hata kidogo, waende pia, wajisikie vizuri wasijisikie vizuri.

Mchukueni sasa mpaka hospitali kubwa iliyo karibu. Si duka la dawa, si nyumba ya maombi, mtaomba njiani. Maziwa yawekeni chini. Chukueni na chupa yenyewe na kilichobaki ndani. Daktari akiuliza usiseme malaria, sema lutuku, Jumamosi mchana, vikombe viwili. Halafu washa simu, mpigie yule mama wa Kilwa, na umwambie ukweli kwa mdomo wako ule ule uliomdanganya.

Watakufukuza? Inawezekana, sitakufariji kwa uongo. Mwaka wa masomo watu wanaurudia kila siku. Na mkae mkijua, kijana asiye na fasi ingine ya kulala hawezi kukataa kikombe chako, hukumkaribisha, ulimlazimisha. Nanyi wenye home, mkimfukuza hata yule anayekuja kuomba msaada, bia itaendelea kutoka na lutuku itaendelea kuingia. Andikeni kwenye ile karatasi kwamba anayeleta mgonjwa haadhibiwi kwa kumleta.

Sasa nasema na wanafunzi wengine wote wa mji huu. Huyu mwenzenu ameficha jina lake, ameficha home yake, ameficha namba ya chumba, ndiyo maana mimi nimekaa hapa na simu mkononi na sijui niende wapi. Majina ya wenzake watatu tu ndiyo yaliyomponyoka, na moja ni la mgonjwa. Inukeni, piteni kwenye vyumba vyote, na mlango uliofungwa msiupite. Iteni Chisanga, kwa sauti, mpaka mtu ajibu.