Mama Alipovaa Stika Yangu ya Bibi Harusi

Mpendwa Shangazi Mutindi,

Nisaidie kabla sijaharibu jambo jema kwa mikono yangu mwenyewe, ila kwanza nikushukuru, maana ni wewe uliyeandika hapa gazetini kwamba msichana anayekwenda maonyesho ya harusi ale nyumbani kabla ya kutoka, avae viatu vya chini, asilipe kitu chochote siku hiyo hata akibembelezwa vipi, na aandamane na mtu mmoja tu asiyeogopa kumwambia ukweli, nami nikafuata neno kwa neno, na huyo mtu mmoja nikamchagua mama yangu mzazi.

Mimi naitwa Abby, ni mwalimu wa chekechea hapa Voi lakini kwetu ni Bura, kule milimani, na Desemba hii, Mungu akipenda, naolewa hukohuko na Lewis Kituku ambaye wazazi wake wana duka la vifaa vya umeme hapa mjini. Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja wa hoteli moja, hema kila mahali na muziki juu, na pale mlangoni msichana akauliza bibi harusi ni nani, nikajitaja, akanibandika kifuani stika ya rangi ya waridi iliyoandikwa BIBI HARUSI, na hapo ndipo nilipojuta, kwa sababu kila muuzaji aliyeiona alinirukia, huyu ananilisha keki, yule ananishika kucha, mwingine anataka namba yangu ya simu na ya Lewis pia, mpaka nikashindwa hata kusikia bei ya kitu. Basi nikapata wazo, nikaibandua ile stika nikaibandika kwenye sweta ya Mama, nikamwambia leo bibi harusi ni yeye, mimi ni msichana wa kumshikia mkoba tu. Mama akacheka, akasema mimi sina adabu, lakini hakuitoa.

Shangazi, ule ujanja ulifanya kazi vizuri mno. Nilitembea peke yangu bila kusumbuliwa na nikasikia mengi, kwamba yule mwenye hema zenye mapazia marefu hajawahi kuzisimamisha mahali penye upepo wa milimani, na kwamba keki ya krimu walikuwa wakiificha kwenye friji kwa sababu jua la Voi lilikuwa limeshaiinamisha. Niliporudi kumtafuta Mama nilimkuta kwenye banda la magauni, amenipa mgongo, amevishwa shela juu ya kitambaa chake cha kichwani, na mwenye banda anamuuliza maswali, nami nikasimama nyuma ya yale magauni nikiwa nimejiandaa kucheka.

Sikucheka. Aliulizwa anapenda gauni la namna gani akajibu bila kufikiri, mikono mirefu, shingo iliyofunga, lisiburuzike chini kwa sababu njia ya kwetu ina mawe, na rangi isiwe nyeupe sana, iwe ile ya maziwa. Akaulizwa maua, akasema maua ya kununua hataki, anataka yale meupe yanayoota kando ya mfereji wa shambani, na hapo nikaelewa kwamba mama yangu hakuwa anacheza, haya majibu alikuwa nayo tangu zamani na hakuna aliyewahi kuyahitaji. Mwisho yule mama wa magauni akamuuliza harusi yenyewe ni lini.

"Bado sijaulizwa," Mama akasema.

Yule mama akacheka akidhani ni mzaha, Mama naye akacheka kidogo, kisha akageuka akaniona. Alivua shela, akaikunja vizuri, akabandua stika akanirudishia kifuani, akasema tumecheza vya kutosha, twende tukaonje keki. Njia nzima ya kurudi alizungumzia miche ya kabeji.

Sasa nikueleze, Shangazi, wazazi wangu hawajafunga ndoa kanisani. Baba, jina lake Alexander, alimchukua Mama kwa mila, wazee wakakaa na mambo yote yakafanywa sawasawa, lakini kanisani hawakwenda, na kila Padre alipouliza Baba alijibu tutafanya baada ya mavuno, na mavuno yalikuja mengi, tukazaliwa sisi wanne, tukasomeshwa kwa vitunguu na kabeji, tukawa watu, mpaka jambo lenyewe likawa la aibu kulitaja. Baba si mtu mbaya, naomba usimwandike vibaya. Mama alipopasuliwa mguu ni yeye aliyemfulia nguo pale bombani mbele ya wanaume wenzake na hakujali. Lakini kila Jumapili Mama hukaa mwisho wa benchi upande wa ukutani, nami nikiwa mdogo nilidhani anapenda ukuta, kumbe hukaa pale ili watu wasilazimike kumruka wakienda kupokea Komunyo, ambayo asiyefunga ndoa kanisani hapewi. Yeye ndiye anayefagia hilo kanisa na kufua vitambaa vya altare, na siku ya harusi yangu mimi nitapokea na yeye atabaki ukutani, na nikiwaza hivyo nalia hata mbele ya watoto darasani.

Kwa hiyo mimi na Lewis tumepanga kumshukuru. Nilipomsimulia Lewis alisema yuko tayari, na mpango wetu ni kwamba siku hiyo ya Desemba, sisi tukishamaliza viapo, Padre awaite wazazi wangu mbele kwa ghafla na wao wafunge ndoa palepale, gauni likiwa limefichwa nyumba ya mapadre, maana mwenye banda ameshakubali kuniwekea lile la rangi ya maziwa hadi mwisho wa mwezi. Padre hatujamwambia bado. Dada yangu mkubwa Teresia ndiye anayepinga, anasema nitawaaibisha wazazi mbele ya wakwe, kwa sababu siku ya kujitambulisha mama yake Lewis aliuliza kama wazazi wetu walifunga ndoa kanisani pale Bura, na mjomba akajibu haraka, "Palepale," na hakuna aliyemsahihisha. Teresia anasema nikinyamaza hakuna atakayeumia, nami naona nikinyamaza nitakuwa nimemwacha mama yangu ukutani maisha yake yote baada ya yote aliyonifanyia.

Shangazi, niwafanyie hiyo harusi ya ghafla au niache? Na samahani kwa kuongezea, kutoka maonyesho nimerudi na mfuko wa kadi za wauzaji tu, sijachagua hema wala keki, nahisi nilipoteza siku.

Ni mimi, Abby, Voi.

*

Abby mwanangu,

Asante kwa barua yako. Nimeisoma nikiwa ofisini na nimelazimika kusema mafua yamenishika. Umelelewa na mama wa maana na wewe unalijua hilo, na watoto wanaolijua kabla ya mama kuzikwa si wengi. Shikilia hapo hapo.

Sasa nikugombeze. Huo mpango wa Desemba uuache leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Harusi ya kumshtukiza mtu haipo. Padre hafungishi ndoa kama anayetangaza mshindi wa bahati nasibu. Kuna mafundisho, kuna matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani, na siku yenyewe kuna swali: mmekuja kwa hiari yenu? Unataka mama yako ajibu nini, amevutwa kutoka benchini, wakwe wamemtolea macho, na simu zote zimeinuliwa kumrekodi? Atasema ndiyo, najua. Atasema ndiyo kwa ajili yako, kama alivyofanya kila kitu kwa ajili yako, na wewe utaondoka ukiamini umemshukuru.

Hebu hesabu watu uliowauliza. Umemuuliza Lewis, umemuuliza dada yako, mwenye magauni umeshapatana naye, na sasa unaniuliza mimi pamoja na kila mtu anayefungia nyama gazeti hili. Wawili tu hujawauliza, nao ndio wenye ndoa. Na mama yako alikueleza shida yake waziwazi pale bandani. Hakusema hataki. Hakusema amezeeka, wala kwamba watu watacheka. Alisema hajaulizwa. Wewe ukasikia, ukalia, halafu dawa uliyomtafutia ni kumwoza bila kumuuliza! Nakupenda, lakini hapo ulilala.

Sasa sikiliza. Jumamosi panda Bura. Usiende kwa mama, nenda kwa baba. Mtafute shambani akiwa peke yake, shika jembe ulime naye kidogo ili asione umekuja na kesi. Kisha msimulie ulichokiona kwenye banda la magauni, kama ulivyonisimulia mimi, shela, maua ya mferejini, swali na jibu. Usiongeze chumvi. Usimwambie afanye nini, usitaje Padre, usitaje lile gauni ulilowekewa, na tafadhali usilie. Ukimaliza, kanywe chai na urudi Voi. Mwanamume aliyefua nguo za mkewe bombani hadharani hahitaji kufundishwa mapenzi. Huenda alikuwa anadhani mkewe ameshasahau, kama mkewe anavyodhani yeye amesahau. Watu wawili wanaoheshimiana wanaweza kunyamaziana hivyo hadi wanazeeka, kila mmoja akiogopa kumtia mwenzake aibu. Hilo nimeliona katika nyumba nyingi nzuri.

Baba yako akimuuliza na akakubaliwa, wataenda wenyewe kwa katekista. Na wafanye siku yao, Abby, si siku yako. Iwe Jumapili ya kawaida, mapema kabla ya Desemba, na watoto wao wanne nyuma yao. Tena kuna faida hapo ambayo wewe kwa haraka zako hukuiona: mama yako akishafunga ndoa yake, siku ya harusi yako hutakuwa na haja ya kumtafuta ukutani. Atatoka benchini na kupokea pamoja na wewe. Si ndicho ulichokuwa unakililia?

Huyo wa magauni mpigie simu, umwambie ukweli, kwamba aliyevaa stika hakuwa bibi harusi na kwamba mwenye gauni bado hajasema neno. Akiweza kungoja, vyema. Asipoweza, auze. Mama yako anaweza hata kuamua kuvaa gauni lake la Jumapili, na wewe utapiga makofi.

Kuhusu mama mkwe, Teresia hajakosea kabisa. Matangazo yakisomwa Bura, habari zitafika Voi kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo wazazi wako wakishaamua, na si kabla, waombe ruhusa, kisha Lewis amweleze mama yake mwenyewe, faraghani, kwa sentensi fupi: mjomba aliteleza ulimi siku ile, na mambo sasa yanawekwa sawa. Ni kazi ya Lewis, wewe usiingie. Kijana aliyesema yuko tayari kwa mpango mgumu kama ule wenu, hilo ataliweza. Na mjomba aombwe siku nyingine aachie wenye majibu wajibu.

Ama ile siku unayodhani uliipoteza, wacha nikuchekeshe. Wasichana wanatoka kwenye maonyesho na mifuko ya peremende na deni la ukumbi, wewe umetoka ukijua hema lipi litapeperuka, keki ipi itayeyuka, na mama yako anatamani nini. Sijui ulitaka nini zaidi. Katika hizo kadi ulizobeba, pigia wale tu waliouliza harusi itakuwa wapi kabla ya kuanza kusifu bidhaa zao. Mwenye hema apande mwenyewe aone mteremko wa kwenu na upepo wake, asiyetaka kupanda umemaliza naye. Keki isiwe ya krimu. Haya ni mambo ya wiki moja, yasikunyime usingizi.

Linalobaki ni hili moja. Baba yako akishamuuliza, huenda mama yako akasema hapana. Huenda amechoka, huenda ukuta ule ameshauzoea, huenda ana sababu ambayo si yako kuijua. Ikiwa hivyo, usimbembeleze na usimtume Padre kumbembeleza. Mpikie, mshukuru, mketishe mbele siku ya harusi yako. Mwanamke ana haki ya kukataa kuolewa hata kama ameshazaa watoto wanne. Lakini amkatae baba yako, ana kwa ana, baada ya kuulizwa.

Shangazi Mutindi