Mwanafunzi Asiyetajika Jina

Nakivale, 9 Mei 2011

Mpendwa mdogo wangu Bonaventure,

Nakusalimu toka huku kwenye vumbi mpaka huko kwenye baridi yenu ya Norwe. Magoti yako yanasemaje? Yangu yanalia kama mlango wa kanisa, ila fasi zingine za mwili ni nzima. Bugali tunakula, maziwa tunaonja.

Ujue siku hizi mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Haya, usicheke, si mwalimu. Ni mwanafunzi, benchi ya nyuma.

Kichwa kilianza kunitoroka. Kanisani nilimwombea mgonjwa apone, maombi marefu, kumbe alishapona na amekaa pembeni yangu. Shemeji yako Kampire akasema, "Mzee, hiyo kichwa twende nayo masomoni kabla haijaota majani." Tukajiandikisha wote wawili.

Shida ni mwalimu mwenyewe: Ikirezi, mke wa kijana wetu Gisa. Unajua kwetu mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe. Kila asubuhi anaita majina. Akifika kwa langu anakohoa, anaruka. Nami siwezi kuitikia kikohozi.

Mwisho wa muhula akatangaza kwamba yule wa kikohozi hajawahi kukanyaga darasani, hatafanya mtihani. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

"Na wewe mzee ni nani?" akaniuliza, kama vile hanijui.

"Ni mimi ambaye sijafika."

Hakucheka. Nami nikaona balaa: Kampire anapanda darasa la pili, mimi nabaki, halafu atanitafsiria kila kitu mpaka kaburini.

Jioni ile nikampelekea Ikirezi jogoo, nikamfungua kinywa mbele ya wazee ili aweze kunitaja jina, kama desturi inavyoruhusu. Kesho yake akaliita jina langu kwa sauti ndogo sana. Nikaitika, nikafanya mtihani, nikapita kwa kusukumwa. Lakini kinywa kile sasa hakifungiki: "Kabanda, acha kunong'ona. Kabanda, futa ubao." Kampire anacheka mpaka analia.

Nisalimie Apolline na watoto. Mungu awape afya, na jua kidogo.

Sasa, kumbuka mwaka ule nilitembea mpaka Endiinzi kukutafutia ng'ombe aliyepotea, wewe uko Mbarara unajaribu viatu vya safari ya Norwe. Wema huo bado hujaurudisha. Basi nitumie neno la Kiingereza, lenye adabu lakini chungu kidogo, la kumjibu mwalimu ambaye ni mkwe wako. Moja tu. Mawili sitayakumbuka.

Kaka yako anayekupenda hata ukichelewa kujibu,
Kabanda